Walimwita Bwana Kesho

Katikati ya kitabu hicho kuna picha ya farasi. Chini yake wameandika jina la farasi, jina la baba yake farasi, jina la mama yake farasi, na mashindano aliyoshinda. Pembeni kuna mkono mweusi ulioshika hatamu. Mkono tu, kuanzia kwenye kiwiko. Mwenye mkono alikatwa na mpiga picha, au na aliyepanga kurasa, sijui. Lakini mkono huo naujua. Kidole chake cha shahada kimepinda kwa sababu kiliwahi kuumwa na farasi, pengine huyo huyo wa pichani. Ni mkono wa babu yangu, baba yake mama.

Kitabu nilikwenda kukichukua posta mjini Kakamega, Jumatatu asubuhi, nimevaa shati safi na viatu vya kanisani kama mtu anayeitwa kupokea tuzo. Mpaka leo nikikumbuka lile shati natamani kulichoma.

Ni historia ya ukoo mmoja wa Uingereza, watu wa mashamba na jumba la mawe, wale ambao si wafalme lakini wameoana na watu waliooana na wafalme. Kimeandikwa na mmoja wao, mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Nimekisoma chote, nisije nikaambiwa nalaumu nisichokijua. Wa kwanza wao alipata ardhi kwa kusimama upande wa mfalme aliyeshinda. Mwingine alikausha bwawa akapanda ngano. Yuko mchungaji aliyefuga nyuki na kuwaandikia mahubiri. Yuko mbunge aliyekaa bungeni nusu ya maisha yake, akapinga barabara moja isipite kwenye shamba lake. Yuko shangazi ambaye hakuolewa, akazalisha waridi la rangi yake, na waridi hilo mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Yuko na mmoja aliyepoteza msitu mzima kwenye kamari, na huyo wanamcheka kwa mapenzi, jinsi sisi tunavyomcheka mjomba mlevi. Hakuna aliyesahauliwa. Hata mbwa wamo.

Kwao mtoto wa kwanza wa kiume hurithi kila kitu na wanaomfuata hujitafutia. Basi mtoto wa tatu wa kizazi fulani alikuja kujitafutia kwetu. Alipewa shamba kule Lugari, karibu na ilipo Lumakanda siku hizi, na aliyempa hakuwa mwenye ardhi. Sura yake ndiyo ndefu kuliko zote kitabuni. Kichwa chake ni maneno mawili ya Kiswahili: Bwana Kesho.

Mwandishi anaeleza kwamba wenyeji walimpa babu yake mkuu jina hilo kwa upendo, kwa kuwa alikuwa mtu aliyeiona kesho wakati wengine wakihangaika na leo. Nilipofika hapo nilikitupa kitabu sakafuni. Mke wangu akakiokota, akakifuta vumbi kwa kanga, akaniuliza kitabu cha watu kimenikosea nini. Maelezo hayo, nusu yake, mwandishi aliyapata kwangu.

Niseme kazi yangu ilikuwa nini, ndipo aibu yangu ieleweke. Nilikuwa mkalimani wa mahakama mpaka nikastaafu. Shahidi akisema kwa lugha yetu, mimi nilimfasiria hakimu kwa Kiingereza. Hakimu akiuliza, nilirudisha kwa lugha yetu. Tuliapa kufasiri kwa ukweli, bila kuongeza wala kupunguza. Na kuna kanuni moja ambayo mzee aliyenifundisha kazi alinigongea kichwani kwa rula: mkalimani hasemi "anasema kwamba". Mkalimani anasema "mimi". Shahidi akisema "niliiba", wewe unasema "niliiba", mbele ya watu wote, kwa mdomo wako, hata kama mama mkwe wako ameketi nyuma. Ukishaanza "anasema kwamba", umejitenga na neno la mtu, na ukishajitenga nalo utalipaka sukari.

Niliishika kanuni hiyo. Siku moja mkata miwa kutoka Matungu, aliyeshtakiwa kwa kuchoma shamba la jirani, alimwambia hakimu kwamba kichwa chake ni sufuria ya harusi, kikubwa na hakina kitu wageni wakishakula. Nikamgeukia hakimu nikamwambia kwa Kiingereza safi: kichwa chako ni sufuria ya harusi. Karani akaacha kuandika. Hakimu akaniangalia, akamwangalia mshtakiwa, kisha akasema kazi iendelee. Nilijivunia hilo kwa miaka. Nimelisimulia matangani, nimelisimulia kwenye harusi, hadi wanangu wanalisimulia wenyewe kabla sijafungua mdomo.

Sasa huyo mama wa Uingereza aliandika barua kwa kanisa moja la Lumakanda, akiomba kuonana na yeyote ambaye watu wake walifanya kazi kwa babu yake mkuu. Mzee wa kanisa aliikumbuka familia yetu, akampa namba yangu. Akaja na mumewe hadi nyumbani, huku upande wa Lubao, na mama yangu ambaye hatoki tena nje bila kushikwa mkono aliamka alfajiri akaoga, akavaa rinda la buluu. Alikuwa ameingojea siku hiyo kuliko sisi sote.

Mama alikuwa na mdogo wake mmoja wa kiume. Walizaliwa pale shambani, kwenye kambi ya wafanyakazi, maana babu alikuwa saisi, mtunza farasi wa yule mzungu. Mtoto alikuwa wa miaka minne, mama ana miaka tisa hivi. Mtoto alishikwa na homa na shingo ikakakamaa. Babu akaenda kwa bwana wake asubuhi, kofia mkononi, akaomba lori limpeleke mtoto hospitali ya misheni. Bwana hakumtukana. Hakuwa mtu wa matusi wala kiboko, na wafanyakazi wa mashamba jirani waliwaonea wetu wivu. Alitabasamu akasema, "Kesho." Ndilo alilokuwa anasema siku zote: ukiomba ruhusa, kesho, ukiomba posho iongezwe, kesho, ukiomba paa la kibanda lizibwe, kesho. Ndiyo maana kambi nzima ilimwita Bwana Kesho, na walipolitamka waligeuza uso pembeni.

Siku ya pili lori lilikwenda mjini. Lilikwenda kumleta daktari wa mifugo, kwa sababu farasi jike alikuwa amekwama kuzaa. Farasi huyu hapa, wa pichani. Babu alikaa zizini mchana kutwa akimshika kichwa. Akaomba tena, akaambiwa kesho. Siku ya tatu mtoto alikufa asubuhi, kabla ya chai.

Kwetu maiti hurudishwa nyumbani. Hata mtu akifia mbali namna gani, watu wake watakopa, watachanga, watapigana, lakini atalala kwao. Babu akaomba ruhusa na lori la kumrudisha mwanawe. Kesho. Jua la Lugari halimngojei mtu, basi wakamzika mpakani mwa shamba, chini ya miti ya miwati, bila matanga. Jioni babu alirudi zizini kumpiga farasi brashi. Mzungu alipouza shamba na kwenda zake, ardhi ikagawanywa kwa watu wa skimu ya makazi, na pale pamelimwa mahindi tangu hapo. Hakuna kaburi. Mama ameshazeeka na hajawahi kuwa na mahali pa kusimama akasema huyu hapa.

Kitu pekee kilichobaki ni jina, na jina hilo ndilo nililopewa mimi. Kwetu jina la aliyekufa hupewa mtoto ili lisipotee.

Basi mama aliposikia kwamba mzungu anaandika kitabu cha ukoo, alisema neno moja, na akalisema wiki nzima: "Aandike ndugu yangu. Kama hana kaburi, akae kwa hiyo kitabu." Hakutaka fidia. Hakutaka hata pole. Alitaka mtoto wa miaka minne aandikwe jina lake, na kilichomuua kiandikwe, katika kitabu cha hao waliomwambia baba yake kesho.

Wageni wakaja. Tulichinja ingokho, kuku wa kienyeji, tukasonga obusuma, ugali wa wimbi, na imondo, firigisi ambayo nyumbani kwangu hailiwi na mtu mwingine ila mimi, ikawekwa kwenye sahani ya mume wa mgeni. Aliisukuma kando ya sahani kwa uma. Nililiona hilo nikanyamaza. Ningesema hapo hapo labda yaliyofuata yangekuwa mepesi.

Yule mama alikuwa mwema, na hilo ndilo tatizo. Alijifunza kusema shikamoo. Alimshika mama yangu mikono. Alikisifu Kiingereza changu, akasema kinamkumbusha Kiingereza cha babu yake, nami, mzee mzima, nikafurahi. Ee, nilifurahi! Kisha akafungua daftari, akauliza kwa nini babu yake mkuu aliitwa Bwana Kesho. Neno hilo alikuwa amelikuta kwenye barua za zamani.

Mama akaweka tonge chini.

"Mwambie hivi," akasema. "Baba yangu alienda kwa huyo muzungu asubuhi, akamwambia mutoto ni mugonjwa, nisaidie na lori. Akasema kesho. Hakukasirika. Alikuwa anachekanga tu, anasema kesho. Lori ilienda kuchukua daktari ya farasi. Mutoto akakufa. Mwambie jina yake."

Sisi watu wa huku tuna ugonjwa wetu. Mgeni akiwa bado anakula, haambiwi ubaya wa wafu wake. Utamwambia njiani ukimsindikiza, au utamwambia mwaka ujao, au hutamwambia kabisa, na utaiita hiyo heshima. Kizimbani nilimwambia hakimu kichwa chake ni sufuria. Mezani kwangu, mbele ya kuku wangu mwenyewe, ulimi uliingia baridi.

Nikasema, "Anasema kwamba..."

Mzee wa rula angekuwepo angenivunja vidole. Anasema kwamba babu yako mkuu alipenda sana neno kesho. Anasema kwamba alikuwa mtu wa furaha. Anasema kwamba mdogo wake aliugua akafariki shambani, enzi zile magonjwa yalikuwa mengi. Mgeni akaweka mkono kifuani, akasema "pole sana" kwa Kiswahili, akaandika. Kisha akaniuliza, macho yakimng'aa: kwa hiyo lina maana ya mtu wa kesho, mtu anayeangalia mbele?

Nikasema ndiyo.

Alinikumbatia wakati wa kuondoka. Gari lao lilipopita lango mama akauliza, "Umemwambia yote?" Nikasema nimemwambia. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, akaomba chai. Kwa miezi mingi baada ya hapo alikuwa mchangamfu hata majirani wakashangaa. Alipokwenda kanisani aliwaambia akina mama wenzake kwamba ndugu yake anaandikwa Ulaya.

Basi kitabu kimekuja. Ndani kulikuwa na barua ya mkono. Anashukuru. Anasema kwenye ukuta wa kanisa la kijijini kwao, ambako watu wote wa ukoo wamewekewa mawe ya kumbukumbu, wameongeza kibao cha shaba cha babu yake mkuu, na neno Kesho limechongwa juu yake. Na mtoto wa kaka yake aliyezaliwa majuzi amepewa Kesho kuwa jina la pili. Nilikaa kwenye benchi la posta nikacheka mpaka mlinzi akanisogelea. Kule kwao wanambembeleza mtoto mchanga kwa neno lililomzika mjomba wangu.

Niwakasirikie wao? Ninawakasirikia. Watu walioweza kuandika mama yake farasi ni nani, wakashindwa kuuliza ule mkono ni wa nani, siwezi kuwaonea huruma. Yule mama alikula kwangu mchana kutwa na hakuuliza hata mara moja marehemu aliitwa nani. Lakini hasira hiyo nikiifuata hadi inapoanzia, naikuta imekaa kwenye kiti changu, na imevaa lile shati safi.

Mama alikishika kitabu, akakipapasa jalada, akanusa kurasa. "Ndugu yangu ako wapi?" akauliza. "Nisomee."

Nikamwambia macho yamechoka kwa safari ya mjini. Nitamsomea kesho.

Jumanne nilikuwa na ng'ombe wa kuogesha. Jumatano kulikuwa na matanga ya jirani. Kila asubuhi alikuwa ameketi tayari, kitabu magotini, na kila asubuhi neno lilinitoka lenyewe. Tulipokuwa shule tulifundishwa kwamba linalowezekana leo lisingoje kesho, tukaliandika ubaoni kwa mwandiko mzuri. Alhamisi alasiri aliponiuliza tena nikasema, "Kesho, mama, kesho bila kukosa."

Akaniinulia uso. Mama yangu haoni vizuri, lakini siku hiyo aliniona.

"Haya," akasema. "Haya, Bwana Kesho."

Nikatoka. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama kwenye migomba bila kazi, mzee wa wajukuu saba, nikipiga teke kisiki. Sijawahi kutukanwa hivyo na mshtakiwa yeyote. Na lilikuwa kweli, neno kwa neno.

Nikiwa hapo nilimsikia ananiita. Si sauti ya hasira. Ilikuwa sauti ya msichana. "Kuja! Kuja haraka uone!"

Mama hajui Kiingereza lakini herufi anazijua. Amesoma Biblia yake ya Kiluhya tangu ujana. Siku zote hizo nilipomnyima usomaji alivaa miwani akatafuta mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Alikuwa amefika mwisho wa kitabu na kidole kimesimama.

"Si huyu hapa?" akasema. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Ona. Wameweka r mahali ya l, rakini ni yeye. Walimuandika. Na wewe unanificha, unataka nini?"

Niliinama nikatazama. Lilikuwa jina lake kweli, na herufi moja imekosewa, mgeni ameiandika jinsi midomo yetu inavyoitamka. Lilikuwa kwenye ukurasa wa shukrani, kati ya mpiga picha na mtunza maktaba.

Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Mama angelala na furaha yake, na siku akifa tungemzika anaamini ndugu yake yuko salama Ulaya, ndani ya jalada gumu. Watu wengi wangeniambia huo ndio upendo. Nilisimama pale na huo upendo mdomoni, una ladha ile ile ya siku ya kuku.

"Huyo ni mimi, mama," nikasema.

"Wewe?"

"Wananishukuru mimi. Kwa kufasiri."

Nikamweleza yote: niliambiwa nini, nikasema nini, kitabu kinasema nini, kibao cha shaba kinasema nini, na mtoto. Nilisema nimesimama, mikono nyuma, kama nilivyokuwa nasimama mahakamani. Nilipomaliza alikifunga kitabu, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la rinda, akaivaa tena.

"Namba ya huyo mama uko nayo?"

"Ninayo."

"Piga."

"Saa hii kwao ni wakati wa chakula cha mchana. Watakuwa mezani, mama. Afadhali tungoje ke..."

Nikaliuma neno. Nilionja damu, sitanii.

"Na hapa alikuwa wapi?" mama akauliza. "Si alikuwa mezani?"

Nikapiga, nikaweka spika, nikaiweka simu juu ya kitabu kati yetu. Iliita mara tatu. Yule mama akapokea kwa furaha, akaniita kwa jina, lile lile lenye herufi iliyokosewa, akauliza kama kitabu kimefika na kama tumekipenda. Nyuma yake vijiko viligonga sahani, na mtoto mchanga alikuwa akilia na watu wakimbembeleza kwa neno la Kiswahili. Nikamwambia mama yangu yuko hapa na ana jambo la kusema, na kwamba nitamfasiria.

Mama akajifuta mdomo. Akaketi wima kama shahidi aliyekwisha kuapa, akasema sentensi ya kwanza kwa lugha yetu, polepole, akanyamaza kunisubiri. Sikusema anasema kwamba.

"Nilikuwa na ndugu," nikasema.